Kampuni ikizima seva, kamera ya nyumbani inabaki ya nani?

Umeme upo. Wi-Fi ipo. Taa ndogo ya kamera inawaka kama kawaida. Lakini ukifungua programu kwenye simu, picha hakuna. Unazima, unawasha, unampigia fundi, hali ni ileile. Kumbe kilichozimika kipo mbali sana na nyumba yako: seva ya kampuni iliyotengeneza kamera hiyo.

Jambo hili limeshawakuta maelfu ya wateja Marekani na Ulaya. Kwa jinsi kamera za Wi-Fi zinavyouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue na mitandaoni, linawahusu pia watu wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. Swali ni moja: ulinunua kamera, au ulinunua ruhusa ya kuitumia hadi mwenye seva atakapochoka?

Yaliyotokea kwingine

Aprili 2020, kampuni ya Belkin ya Marekani iliwatangazia wenye kamera za Wemo NetCam kwamba huduma ingezimwa Mei 29 mwaka huohuo. Kamera zingeendelea kushika Wi-Fi, lakini mwenye nyumba asingeona picha wala kupata taarifa mtu akipita mbele yake. Waliostahili kurudishiwa hela ni wale tu ambao waranti zao zilikuwa bado hai.

Desemba 2, 2022 ikafika zamu ya Cloud Cam ya Amazon, kamera iliyoingia sokoni mwaka 2017. Wateja waliahidiwa kamera nyingine, Blink Mini, bila malipo. Aprili 8, 2024 Google nayo ikazima kamera za Dropcam, baada ya kutoa taarifa mwaka mzima kabla. Dropcam ilikuwa kampuni iliyonunuliwa na Nest mwaka 2014 kwa dola milioni 555.

Belkin imerudi tena kwenye orodha. Julai 2025 ilitangaza kwamba huduma ya vifaa vingi vya Wemo ingekoma Januari 31, 2026. Kati ya vifaa vichache vilivyotajwa kwamba vingeendelea kufanya kazi ni kengele yake ya mlangoni yenye kamera. Sababu ni kwamba kengele hiyo inatumia mfumo wa HomeKit wa Apple, hivyo haitegemei seva ya Belkin.

Angalia jambo moja hapo. Amazon, Google na Belkin hazikufilisika. Kampuni haihitaji kufa ili kamera ife. Inatosha waone kwamba kuendesha seva za bidhaa ya zamani ni gharama isiyo na faida.

Kwa nini kamera nzima isimame?

Kamera nyingi za bei nafuu zinafanya kazi kwa kupitia mtu wa kati. Ukiskani ile kodi iliyobandikwa chini ya kamera, simu yako haiongei na kamera moja kwa moja. Kamera inajitambulisha kwa seva ya kampuni, simu inajitambulisha kwa seva hiyohiyo, halafu seva ndiyo inayowakutanisha.

Mpango huu una raha yake. Mtu anaifunga kamera kwa dakika tano bila kujua chochote kuhusu mitandao, kisha anaona geti lake akiwa safarini. Lakini mtu wa kati akiondoka, pande mbili haziwezi kukutana hata kama zipo chumba kimoja.

Kwa soko la Afrika Mashariki kuna tatizo la ziada. Kamera nyingi zinauzwa kwa majina tofauti kwenye maboksi, lakini ndani yake zinatumia programu ileile, kwa mfano V380 Pro au iCSee. Mnunuzi anamjua muuza duka na fundi aliyemfungia. Mtengenezaji hamjui, na mtengenezaji naye hamjui yeye. Kwa hiyo ile taarifa ya mwaka mzima waliyopewa wateja wa Google, huku huenda isimfikie mtu. Atagundua siku atakayoihitaji kamera, pengine asubuhi baada ya wezi kupita.

Jaribio la bando

Kuna njia rahisi ya kujua kama kamera yako inaweza kuishi bila kampuni. Acha rauta ikiwa imewaka, lakini katia intaneti: chomoa waya unaoleta mtandao, au toa laini kwenye rauta ya laini ya simu. Zima pia data kwenye simu yako, ibaki kwenye Wi-Fi ya nyumbani tu. Kisha fungua programu ya kamera.

Picha ikionekana, ni dalili nzuri. Maana yake kamera inaweza kuongea na simu ndani ya nyumba bila kuuliza nje. Isipoonekana, kamera hiyo ni mateka wa seva.

Wengi wameshafanya jaribio hili bila kujua. Siku bando lilipokata na kamera ikagoma hata ukiwa sebuleni, hiyo ilikuwa picha kamili ya siku kampuni itakapofunga.

Ukisikia kampuni inafunga, fanya haya kwanza

Kosa la kwanza wanalofanya watu ni kubonyeza kile kitufe cha kurudisha kamera kwenye hali ya kiwandani. Kamera nyingi zikifutwa hivyo zinahitaji kusajiliwa upya kwenye seva. Seva ikiwa imeshazimwa, mlango unakuwa umefungwa kabisa. Kama bado inafanya kazi, usiifute.

Usifute pia programu kwenye simu. Inaweza kuondolewa Play Store au App Store wakati wowote, na ukibadilisha simu hutaipata. Pakua video unazozihitaji, hasa zile za tukio lililoripotiwa polisi au la mgogoro na jirani. Video iliyohifadhiwa kwenye seva inaweza kuondoka na seva.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kamera na tafuta maneno mawili: RTSP na ONVIF. Hizi ni lugha za pamoja za kamera. RTSP inaruhusu kifaa kingine kuvuta picha ya kamera moja kwa moja. ONVIF ni utaratibu ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili kamera za kampuni moja zielewane na mashine za kampuni nyingine. Kama kuna kitufe cha kuviwasha, kiwashe sasa wakati programu bado inafunguka, na weka nywila yako mwenyewe.

Njia za kuifufua

*Memori kadi.* Kama kamera inarekodi kwenye kadi yake, kazi ya msingi inaweza kuendelea hata bila seva. Hesabu yake si ngumu. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inajaza takribani GB 10.8 kwa siku. Kadi ya GB 64 itabeba karibu siku sita kabla ya kuanza kufuta za zamani, na ya GB 128 karibu siku 12. Bando haliguswi. Udhaifu wake ni kwamba mwizi akiing'oa kamera, anaondoka na ushahidi.

*Mashine ya kurekodia.* Kamera yenye ONVIF inaweza kuunganishwa na NVR, ile mashine inayowekwa ndani ya nyumba, hata kama ni ya kampuni nyingine. Fundi wa CCTV aliyezoea kazi anaijua njia hii. Mwambie asiishie kukuunganishia programu ya simu tu.

*Kompyuta ya zamani.* Programu za bure kama Frigate, ZoneMinder na Home Assistant zinaweza kugeuza kompyuta iliyokaa kabatini kuwa kituo cha kamera. Zinapokea picha kwa RTSP, zinarekodi, na Frigate inaweza kutofautisha mtu, gari na mbwa. Kwa kuangalia tu, hata VLC inatosha: unafungua sehemu ya mtandao na kuandika anwani ya kamera. Kamera nyingi hutumia mlango namba 554.

*Kubadilisha programu ya ndani.* Wapo wataalamu wa kujitolea wanaoandika programu huru za kuwekwa ndani ya kamera badala ya ile ya kiwandani. OpenIPC na Thingino ni miradi ya aina hiyo. Njia hii inategemea chipu iliyomo ndani, na ukikosea kamera inaweza isiwake tena. Ijaribiwe kwenye kamera ambayo tayari umeshaikatia tamaa.

Zipo zisizofufuka

Ukweli usemwe: si kila kamera inaokoka. Nyingi zinazotumia betri, na kengele nyingi za mlangoni, hazina RTSP kabisa. Zinalala muda mwingi kuokoa chaji na zinaamka kutuma picha kwa seva yake tu. Kampuni ikifunga bila kuachia njia nyingine, hapo pamebaki plastiki na kioo.

Kampuni ikitaka, inaweza kufunga kwa heshima. Lowe's ya Marekani ilipofunga mfumo wake wa nyumba janja, Iris, Machi 31, 2019, iliwarudishia wateja fedha kwa vifaa vilivyostahili na ikaachia hadharani programu iliyokuwa ikiendesha mfumo huo, ili wenye ujuzi waendelee nayo. Insteon ilifanya kinyume chake. Aprili 2022 seva zake zilizimika ghafla, wateja wakaachwa gizani, mpaka kundi la wateja wenyewe lilipoinunua miezi michache baadaye.

Kamera ya zamani inaweza kuwa mlango wa wezi

Kuifanya iendelee kuwaka ni nusu ya kazi. Kampuni ikiondoka, masahihisho ya usalama nayo yanakoma. Tundu litakalogunduliwa kesho halitazibwa na mtu.

Mwaka 2016 dunia ilipata somo hilo. Programu hasidi iliyoitwa Mirai ilijipenyeza kwenye kamera, DVR na rauta kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo watu hawakuzibadilisha. Oktoba 21 mwaka huo, jeshi hilo la vifaa vya majumbani lilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na huduma kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Wenye kamera wengi hawakuwa na habari kwamba vifaa vyao vilikuwa vitani.

Kwa hiyo kamera isiyo na mtengenezaji isiachwe ikiongea na intaneti. Izuie kwenye rauta isitoke nje, ibaki ndani ya nyumba tu. Ukitaka kuiona ukiwa mbali, tumia VPN kama WireGuard kuingia kwanza kwenye mtandao wa nyumbani. Fundi akikushauri "afungue mlango" kwenye rauta ili kamera ionekane moja kwa moja kutoka nje, kataa. Ukiiona wewe kwa njia hiyo, na wengine wanaweza kuiona.

Na kama hakuna njia ya kuitenga, hasa kamera ya chumba cha watoto au sebuleni, ni heri kuichomoa. Hasara ya kununua nyingine ni ndogo kuliko ya kuangaliwa na usiyemjua.

Sheria zinasemaje?

Uingereza ilianza Aprili 29, 2024 kupiga marufuku nywila za kiwandani zinazobahatishwa kirahisi, na kumtaka mtengenezaji aseme wazi atatoa masahihisho ya usalama hadi lini. Umoja wa Ulaya una sheria iliyoanza kuhesabiwa Desemba 10, 2024. Masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 11, 2027, na kwa kawaida bidhaa itatakiwa kuhudumiwa kwa angalau miaka mitano.

Marekani, tume ya biashara ya FTC ilichunguza bidhaa 184 na kutoa ripoti Novemba 2024. Karibu asilimia 89 hazikueleza kwenye tovuti zao zitapata masahihisho kwa muda gani.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hizo zinahusu zaidi taarifa za watu: nani anazikusanya, anazitunza vipi na kwa ruhusa ya nani. Suala la kamera itahudumiwa miaka mingapi ni jingine kabisa.

Huenda masharti ya Ulaya yakamnufaisha mnunuzi wa huku pia, kwa kuwa kiwanda kimoja mara nyingi huuza modeli ileile kila mahali. Lakini zile zinazotengenezwa kwa ajili ya masoko yasiyouliza zitaendelea kuja.

Maswali matatu ya kuuliza dukani

Mnunuzi hahitaji kusubiri sheria. Kabla ya kutoa hela, aulize: ina RTSP au ONVIF? Inarekodi kwenye kadi au kwenye NVR bila kulipia kila mwezi? Inaonekana kwenye Wi-Fi ya nyumbani hata intaneti ikikatika?

La tatu linaweza kujaribiwa palepale kaunta. Muuzaji aiwashe kamera, aiunganishe na rauta ya dukani, kisha akate intaneti. Picha ikibaki kwenye simu, mnaweza kuanza kuongea bei.