Hela isiupite ukuta

Jamani, hapa kwetu Chato hela haziji kila mwisho wa mwezi kama za mwalimu. Mvuvi wa dagaa anazipata wakati wa giza, mbalamwezi ikitoka anakaa. Mkulima anangoja pamba inunuliwe. Mchimba dhahabu anangoja duara liteme. Zikija zinakuja kwa mkupuo, na fundi anazinusa kabla hata mama watoto hajaambiwa.

Hapo ndipo balaa linapoanza. "Bosi, nipe nusu kabisa nianze kwa nguvu!" Unatoa. Msingi unachimbwa, kozi tatu zinapanda, kisha fundi anafiwa na shangazi. Huyo shangazi kwa mwaka anakufa mara nne! Boma linaota nyasi, mbuzi wanahamia.

Mimi nasema tuige kwenye miradi mikubwa. Tukienda Mwanza siku hizi tunapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025. Mnadhani kazi kama ile mkandarasi anakabidhiwa mabilioni yote siku ya kwanza? Thubutu! Kwa kawaida anapewa kianzio chenye dhamana ya benki, halafu kazi inapimwa, mhandisi anasaini hati, ndipo analipwa. Na bado kuna fungu linazuiwa hadi kipindi cha matazamio kiishe, ufa ukitokea arudi kuziba.

Sasa njoo kwenye kibanda chako. Tuseme ufundi mmepatana sh. 4,000,000. Msingi ukikamilika, toa 800,000. Boma likifika lenta, 1,200,000. Akishapaua, 800,000. Plasta na sakafu, 800,000. Zile 400,000 za mwisho zikae kwako mpaka mvua ya nguvu inyeshe, uone kama paa linavuja. Saruji na mabati nunua mwenyewe. Hela ya kula mpe, lakini iandikwe na ikatwe kwenye hatua inayofuata. Haya yote yawe kwenye karatasi, na mashahidi wasaini.

Na wewe mwenye nyumba usijifanye mjanja. Hatua ikikamilika, lipa siku hiyo hiyo. Fundi mwenye njaa atahamia saiti nyingine, na hapo usimsingizie uchawi. Kama hela ya lenta huna, usimwite apandishe ukuta. Ngoja giza lijalo.

Haya, tukutane wiki ijayo.