Eti Udongo Hauna Kiu

Majuzi tulimzika mjomba wangu karibu na Runyenjes, si mbali na kile kichaka cha Mwenendega ambacho Waembu hukihesabu kuwa chimbuko lao. Ndugu wa marehemu, mzee wa makamo ya baba yangu, alivua kofia akasogea kaburini na pembe ya muratina, pombe yetu ya asili. Kabla hajaiinamisha, mhubiri alinguruma kwenye kipaza sauti: "Hapa hatuabudu mashetani! Udongo hauna kiu!" Watu wakaitikia amina. Mzee akarudi kuketi, povu likimchuruzika vidoleni.

Nimechoka na amina za namna hiyo.

Udongo hauna kiu, haya. Je, marehemu ana pua? Maana mhubiri huyo huyo aliweka shada la maua juu ya kaburi na hakuna aliyemkemea. Na Biblia aliyoikumbatia inasema katika Mwanzo 35:14 kwamba Yakobo alisimamisha nguzo ya jiwe huko Betheli, akaimiminia sadaka ya kinywaji. Cha Betheli ni ibada, cha Embu ni ushetani?

Wanaolaani tambiko hili la kumwaga pombe hawajui lilivyofanywa. Babu yangu wa upande wa Imenti, kule Meru, alinifundisha kwamba mzee hamwagi akiwa na kinyongo. Kwanza huuliza: nani hasemezani na nani? Waliokosana husuluhishwa palepale. Ndipo Murungu, yaani Mungu, huitwa, waliotangulia wakatajwa kwa majina, tone likaanguka chini, na pembe ikaanza kuzunguka. Tone lile lilikuwa muhuri wa amani. Bila amani, hakuna tone.

Siku ile wana wawili wa marehemu waliketi mahema mbalimbali kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Mhubiri alihubiri saa nzima kuhusu upendo na hakuwauliza neno. Wanasiasa nao walishika kipaza sauti hadi saa tisa, wakitukanana mbele ya jeneza, na hakuna aliyeona shetani hapo. Wanasiasa hao hao hukimbilia Nchiru kutafuta baraka za Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, kila uchaguzi unapokaribia, na wahubiri hunyamaza. Mzee asiye na gari kubwa ndiye anayekemewa.

Wengine husema tambiko hufundisha ulevi. Upuuzi mtupu! Muratina ilikuwa kinywaji cha wazee, na kijana hakuthubutu kuigusa bila ruhusa. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya Wakenya, na Embu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizolia zaidi. Hawakuuawa na pembe ya mzee. Waliuawa na pombe ya kuuzwa, isiyojua mzee wala mtoto, inayomuuliza mnywaji pesa tu. Tulivunja pembe tukawaachia vijana chupa, halafu tunashangaa tukiwazika.

Jioni, magari yalipokwisha kuondoka, mzee aliwaita wale wana wawili kaburini. Akawauliza swali lile la babu yangu. Walisimama kimya muda mrefu, kila mmoja akitazama viatu vyake. Mdogo ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Walipokwisha kushikana, mzee aliinamisha pembe.

Mhubiri angesubiri hadi saa hiyo, angejua tone lile lilikuwa la nani.