Unga wangu ulipomwagika mbele ya Mzungu

 Sogeza kigoda tucheke kidogo, japo kicheko chenyewe kilianza kwa kuniumiza mimi.

Mwaka juzi nilikuwa nimemwaga unga. Nilikuwa karani wa stoo, tajiri akafunga biashara, nikabaki napima urefu wa mitaa. Siku moja nikaona tangazo: kampuni ya utalii inataka kijana wa mapokezi, awe amemaliza kidato cha nne na Kiingereza kisimpige chenga. Nikajiona ndiye. Nikaazima tai kwa kaka mmoja wa mtaani, nikatinga.

Kwenye usaili walikaa watatu, Wabongo wawili na mama mmoja wa Kijerumani. Mama akaniuliza kwa ung'eng'e kwa nini niliacha kazi ya mwanzo. Kwa kimuhemuhe nikatafsiri neno kwa neno, kwamba unga wangu ulimwagika. Mama akanitazama kwa huruma. Akauliza kama ni mimi niliyeumwaga, na kama ulikuwa mwingi. Nami, nisijue kwamba tunapishana, nikamjibu, "Wote, mama." Wale Wabongo walicheka mpaka mmoja akavua miwani akafuta machozi.

Kazi sikupata. Tai niliirudisha jioni ile ile.

Nilimsimulia mshikaji wangu mmoja anayetembeza watalii, naye Kijerumani anakichapa kweli kweli. Akaniambia, "Acha kujilaumu, ndugu yangu. Hao Wazungu wakitafsiriwa neno kwa neno, utadhani wamelala na malaria." Toka siku hiyo nikaanza kukusanya misemo yao. Leo nakuonjesha.

Tuanze na huyo huyo Mjerumani. Akiwa hajali jambo, anasema kwake hiyo ni soseji. Akibahatika anasema amepata nguruwe. Inasemekana huko zamani kwenye mashindano ya kulenga shabaha, aliyeshika mkia alipewa nguruwe wa kumfuta machozi. Hebu fikiria, umeshindwa mbele ya kijiji kizima, halafu unarudi nyumbani na kitoweo! Na asipoelewa kitu, anasema, "Ich verstehe nur Bahnhof", yaani naelewa stesheni ya treni tu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba askari wa Kijerumani mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1918, walikuwa wamechoka kiasi kwamba hata uwaambie nini, masikio yao yalisubiri neno moja tu: stesheni, pa kupandia treni ya kurudi kwao.

Mwingereza asipoelewa husema kwake hicho ni Kigiriki. Shakespeare aliutumia msemo huo kwenye tamthilia yake ya Julius Caesar, iliyochezwa mwaka 1599. Mfaransa naye husema ni Kichina. Kila mmoja ana lugha ya mwenzake ya kusingizia.

Na kwa kusingiziana hawajambo! Mtu akichapa lapa kutoka kwenye sherehe bila kuaga, Mwingereza anasema ameondoka Kifaransa. Mvuke ng'ambo ya mlango wa bahari, umuulize Mfaransa mtu huyo huyo kafanya nini. Atakwambia ameondoka Kiingereza. Sisi Waswahili tuna ustaarabu. Tunasema ameingia mitini, lawama tumewaachia miti.

Kwenye kutapeliwa tunafanana. Sisi tunasema jamaa kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mwingereza husema kauziwa nguruwe kwenye gunia, Mjerumani na Mfaransa wanasema paka. Habari yenyewe ni ya masokoni enzi za kale. Unalipia mtoto wa nguruwe aliyefungwa guniani, unafika nyumbani, unafungua, paka huyo anatoka mbio. Kwa hiyo Mwingereza anataja alichodhani amenunua, Mjerumani anataja alichokikuta.

Mwingereza pia ana msemo wa kugeuzia jambo jicho bovu, ambao sisi tungesema kujifanya hamnazo. Huo hutajwa pamoja na Nelson, yule mwanamaji wao maarufu. Jicho lake la kulia liliharibika vitani mwaka 1794 kisiwani Corsica. Mwaka 1801 wakipigana Copenhagen, mkubwa wake akapandisha bendera za kuruhusu kurudi nyuma. Nelson, husimuliwa, akaweka darubini kwenye lile jicho bovu, akasema haoni bendera yoyote. Akaendelea kupigana, na wakashinda. Angeshindwa, nadhani msemo wenyewe ungekuwa mwingine.

Sasa msomaji wangu, kuna mmoja uliokifuta kicheko changu. Ni wa Kireno, nao ni "para inglês ver", kwa ajili ya Mwingereza aone. Hutumika kwa jambo linalofanywa kwa kuzuga tu. Wengi huueleza kwa habari ya Brazil. Mwaka 1831, kwa kubanwa na Uingereza, Brazil ilitunga sheria ya kukataza kuingiza watumwa kutoka Afrika. Kwenye karatasi sheria ilikuwa safi. Lakini meli ziliendelea kushusha watu, mamia ya maelfu, wengine kutoka Msumbiji hapa jirani, hadi sheria nyingine ya mwaka 1850 ilipokuja na meno. Watu walipelekwa utumwani, huku karatasi ikiwa kabatini ikimsubiri Mwingereza aisome. Msemo unachekesha mpaka ujue ulikotoka.

Nauleta huo kwa sababu miezi kadhaa baada ya usaili wangu, nilikutana kwenye daladala na dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale pale. Akaninong'oneza kwamba nafasi ile ilikuwa na mwenyewe kabla hata tangazo halijabandikwa. Ni mpwa wa mmoja wa wale waliokuwa wakicheka. Waswidi wana msemo kwa mtu kama huyo, kwamba ameingia kwa kuteleza juu ya mkate wa kamba, hao kamba wa baharini. Sisi tulioitwa kwenye usaili tulikuwa wa Mwingereza aone, au tuseme wa yule mama aone.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichoniuma. Yule mama sina neno naye, aliuliza kwa nia njema. Ila wale wawili walijua vizuri unga ni nini kwenye Kiswahili. Sentensi moja tu, "Mama, anamaanisha alipoteza kazi", ingeniokoa. Wao walichagua kucheka.

Na mama mwenyewe angenielewa haraka. Kwao Ujerumani mtu akifanya kazi husemwa anatafuta vimkate vyake. Mwingereza naye kazi inayomweka mjini huiita mkate na siagi. Sasa mkate unatengenezwa kwa nini kama si unga?

Kwa hiyo kijana mwenzangu unayekwenda kwenye usaili, nakupa la bure. Umepoteza kazi, sema umepoteza kazi. Misemo iache mlangoni pamoja na viatu vya tope. Na siku ukikalia kile kiti cha upande wa pili, akaingia mtoto wa watu na tai ya kuazima, ulimi ukamteleza, mtafsirie kwanza. Kucheka mtacheka baadaye, naye akiwemo.

Mimi unga nimeshauzoa kidogo kidogo, na hapa unaposoma ndipo ninapoukandia. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.