MOYO WA MWENYE NACHO WAPATA VALVU, WA MLALAHOI WAPATA POLE

Ndugu msomaji, wewe unayesoma gazeti hili kijiweni huku wenzako wakichungulia begani, hebu weka mkono kifuani. Humo mna valvu nne, milango midogo inayofunguka na kufunga kila moyo ukipiga. Mmoja ukikaza, damu inapita kwa shida. Unachoka, unazimia, unazikwa.

Zamani tiba ilikuwa kupasua kifua. Mzee mwenye figo mbovu na mapafu yaliyochoka aliambiwa hawezi kuhimili kisu, akarudishwa nyumbani kungoja siku yake.

Mfaransa mmoja, Dk. Alain Cribier, alikataa. Alisema valvu ikunjwe, ipitishwe kwenye mshipa wa paja kwa mrija mwembamba, ikafunguliwe ndani ya moyo. Walimwona kichaa! Aprili 16, 2002, mjini Rouen, akamwekea mgonjwa wa miaka 57 ambaye wapasuaji walishamkataa. Bwana yule aliishi miezi minne tu, lakini njia ilikuwa imefunguka. Mwaka 2004 kampuni ya Kimarekani, Edwards Lifesciences, ikainunua kampuni ya akina Cribier kwa dola milioni 125. Kichaa huyo!

Mwaka 2010 utafiti ukathibitisha. Kati ya wagonjwa 100 wasioweza kupasuliwa, waliokosa valvu hiyo walikufa kama 51 ndani ya mwaka mmoja. Waliowekewa, kama 31.

Hongera zao. Lakini tusidanganyane. Huko Marekani valvu hiyo imeuzwa takriban dola 30,000, hapo hujalipia daktari wala kitanda. Mlalahoi azitoe wapi?

Na kuna kubwa kuliko bei. Valvu ile ilibuniwa kwa wazee ambao valvu zao zimekakamaa kwa chokaa. Kwetu wanaoharibikiwa valvu wengi ni watoto na vijana. Mdogo wako anaumwa koo, anaambiwa asukutue maji ya chumvi, yataisha. Homa ya rumatiki inaingia, mwili wake unageuka kuzishambulia valvu zake wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo umewakumba watu milioni 55 na unaua wapatao 360,000 kila mwaka. Kinga yake? Penisilini! Dawa iliyotibu askari wakati wa vita vya Hitler!

Sasa tuulizane, jamani. Wakubwa wanapenda kukata utepe mbele ya mtambo mpya, kamera zikimulika. Nani amewahi kumwona kigogo akikata utepe wa kichupa cha penisilini?

Simpingi Cribier. Mzee wa kwetu naye anastahili mrija ule. Lakini atakayekuja kuomba kura yako, usimuulize fulana wala kofia. Muulize: "Mheshimiwa, zahanati yetu ina sindano ya penisilini leo?" Akianza kukohoa, umeshapata jibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ni koo la mdogo wako. Bei ya ukuta umeshaisikia.