Lango la Hoteli Lifungwapo

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji wa Trouville, katika pwani ya Normandie nchini Ufaransa, uliuonja ukweli wa usemi huo. Reli kutoka Paris ilipofika huko mwaka 1863, matajiri walimiminika kwenda kuoga baharini, na mwaka 1866 ikafunguliwa hoteli ya fahari iliyoitwa Roches Noires, yaani Miamba Myeusi.

Mwaka 1870 mchoraji Claude Monet aliichora hoteli hiyo, bendera zikipepea na mabwana na mabibi wakipunga upepo mbele yake. Picha hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Orsay jijini Paris. Mwandishi Marcel Proust naye alipata kulala humo.

Hata hivyo, dunia ni mzunguko. Katika karne ya 20 enzi ya hoteli hiyo ilipita, vyumba vikageuzwa fleti za watu binafsi. Mwaka 1963 mwandishi Marguerite Duras alinunua mojawapo, na katika ukumbi uliowahi kuwapokea wageni akapiga filamu iliyotoka mwaka 1981.

Yamkini msomaji atauliza: hasara iko wapi, ilhali jengo limesalia? Kwa hakika, heri kugawanywa kuliko kubomolewa. Lakini hoteli ikishageuka makao ya watu, lango hufungwa, na umma hubakia na kumbukumbu tu. Trouville ilibahatika kuwa na Monet na Duras. Na hata kumbukumbu hizo zina upungufu: katika picha ile twawaona wageni, mpishi, mfua mashuka na mchukuzi wa mizigo hatuwaoni.

Hapa ndipo penye funzo kwetu. Utalii wa pwani ya Kenya ulipoporomoka mwaka 2014, hoteli kadhaa zilifungwa na wafanyakazi wakatawanyika. Majengo huweza kupata wenyewe wapya. Masimulizi ya wale waliotumikia humo hayana mrithi yasipoandikwa. Isitoshe, jikoni, dobini na mapokezini wafanyakazi hao walikuwa na msamiati wao wa Kiswahili, ambao haumo katika kamusi zetu.

Walimu wa Kiswahili na wa historia, watumeni wanafunzi kwa wazee hao wakiwa na daftari na kinasa sauti. Wanafunzi nanyi, ulizeni majina, miaka, mishahara na maneno ya kazi. Tukingoja mchoraji mgeni aje kutuhifadhia, atawachora wageni wenzake.