Gari linapogonga chini: tumlipe fundi kwa kutafuta, si kwa kubadili

Ukurasa huu umezoea kueleza kwa nini bei ya viazi pale Uyole hupishana mno na bei ya viazi hivyo hivyo vikifika Dar es Salaam, au kwa nini nyanya za Ilula hupanda na kushuka ndani ya wiki moja. Tunataja mvua, dizeli, ushuru wa mazao na madalali. Iko gharama moja ambayo haimo katika orodha hiyo, ingawa kila mwenye pikapu, Canter au basi dogo linalotembea kati ya Iringa na Mbeya amekwisha kuilipa. Nayo ni gharama ya mlio wa chini ya gari ambao hakuna anayejua unatoka wapi.

Wasomaji wengi wanaijua hadithi yenyewe. Gari linaanza kugonga upande wa kushoto mbele kila likipita kwenye tuta. Fundi wa kwanza anasema ni shokapu, au shokomzoba kama wengi tunavyoiita. Zinanunuliwa mbili, zinafungwa, na baada ya siku mbili mlio umerudi. Fundi wa pili anasema ni boli jointi. Wa tatu anasema bushi za wishiboni. Mwisho anatokea kijana mmoja anayeingia uvunguni na mtaimbo, anatikisa kila kitu kwa zamu, na kugundua kwamba kilichokuwa kikigonga ni mpira mmoja uliokatika, ule ambao bodi ya gari hukalia juu ya chesisi. Mpira huo ndio wa bei ndogo kuliko vyote vilivyobadilishwa.

Hoja ya makala hii ni kwamba jambo hilo si bahati mbaya, wala halitokani na mafundi wetu kuwa wajinga au wezi. Linatokana na namna tunavyowalipa. Soko letu la matengenezo hulipa kubadili spea. Halilipi kutafuta ubovu. Na bidhaa isiyolipiwa huadimika sokoni.

Kwa nini mlio hudanganya

Kwanza tukubali kuwa kazi yenyewe ni ngumu. Chuma husafirisha sauti. Boliti iliyolegea nyuma inaweza kusikika kama iko chini ya miguu ya dereva, kwa sababu chesisi imeibeba sauti hiyo hadi mbele. Aidha, vitu vingi visivyohusika na springi wala shokapu hutoa mlio ule ule: jeki iliyofunguka katika kikapu chake, tairi la akiba lisilokazwa, ekzosi iliyokatika mpira wa kuning'inizia, betri inayocheza kwenye sahani yake, hata pedi za breki zilizolegea. Fundi makini huanza na hivyo, kwa kuwa kuvikaza hakuhitaji fedha.

Pili, ubovu mwingine hujificha gari likiwa limesimama. Boli jointi iliyokwisha hubanwa na uzito wa gari na kuonekana nzima. Ni mpaka jeki iwekwe mahali panapoondoa uzito juu ya jointi hiyo, ndipo mtaimbo unapoonyesha ulegevu. Hapo ndipo mtu anayetazama kwa tochi kwa dakika mbili na kusema "hii nzima" anapokosea.

Tatu, hali ya hewa ya Nyanda za Juu Kusini nayo ina sehemu yake. Asubuhi za Juni na Julai kule Mufindi, Makete na Uporoto, mpira hukakamaa kwa baridi. Gari linalolia kama mlango mkavu saa kumi na mbili asubuhi na kunyamaza saa sita mchana, kwa kawaida tatizo lake liko kwenye mpira. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kumwagia maji bushi moja baada ya nyingine na kulitikisa gari. Mlio ukikatika ghafla, bushi iliyomwagiwa mwisho ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Soko la taarifa

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapojua ubora wa gari na mnunuzi hajui, soko huharibika, kwa kuwa mnunuzi hukataa kulipa bei ya gari zuri kwa kuogopa kuuziwa bovu, na mwenye gari zuri huliondoa sokoni. Mwaka 2001 alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, kwa kazi zao kuhusu masoko ambamo upande mmoja una taarifa na mwingine hauna.

Hali katika gereji zetu ni ngumu zaidi ya hiyo. Mwenye gari hajui, na mara nyingi fundi naye hajui, lakini fundi analazimika kusema kitu, kwa maana asiposema hatalipwa. Akitumia saa tatu kutafuta na kukuta ni boliti imelegea, mteja atamwambia, "Kukaza boliti tu ndiyo unataka elfu ishirini?" Akibadili shokapu mbili, atalipwa ufundi bila ubishi, na huenda akapata cha juu kutoka duka la spea alikomwelekeza mteja. Fundi mwenye watoto wa shule atachagua lipi?

Dereva wa kuajiriwa naye ana hesabu yake. Anatakiwa kumpelekea tajiri fedha kila jioni. Akisema gari linagonga, litaingia gereji na siku itapotea, kwa hiyo anaongeza sauti ya redio. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayefundisha kuficha ni tajiri anayedai hesabu kamili hata siku dereva aliyoripoti ubovu.

Uhaba ulivyofundisha

Wazee wa gereji watakumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 spea zilikuwa adimu nchini. Fundi hakuweza kubadili kwa kubahatisha, kwa sababu hakukuwa na cha kubadili. Ilimpasa kuujua ubovu hasa, kisha akate bushi kutoka tairi kuukuu au apeleke pini kwa mchonga vyuma. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yalianza kujaa tena, na miaka ya 1990 soko huria na magari yaliyotumika kutoka Japani vikakamilisha kazi hiyo.

Hakuna mfanyabiashara anayetamani uhaba ule urudi. Hata hivyo, tusisahau kilichotokea. Spea ilipopatikana kila kona, kuanzia Gerezani hadi Mwanjelwa, ujuzi wa kutafuta ulishuka thamani kwa sababu hakuna aliyeupangia bei. Shirika la Viwango, TBS, hukagua ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani hufuatilia bidhaa bandia. Lakini spea halisi yenye alama zote, ikifungwa mahali ambapo hapakuwa na ubovu, bado ni hasara.

Barabara ni kipimo

Mwenye gari anaweza kumsaidia fundi kabla hata ya kufika gereji, na njia yetu kuu ya kwenda Zambia inafaa sana kwa kazi hiyo. Rasta zilizochorwa barabarani kabla ya vijiji hutikisa gari haraka na kidogo kidogo. Kama gari linagonga hapo lakini linanyamaza kwenye tuta kubwa, shuku linki za stabilaiza au bushi zake. Matuta ya Mafinga, Makambako, Chimala na Igurusi hushusha na kupandisha springi nzima; mlio wa hapo huelekea kwenye shokapu, springi iliyovunjika, au pini zilizokauka grisi. Kona za Kitonga hubadili uzito kutoka upande mmoja hadi mwingine na kufichua beringi za magurudumu. Ukifunga breki kwenye mteremko na gari likapiga "ngo" moja na kunyamaza, tazama bushi za wishiboni. Ukizungusha usukani gari limesimama na sauti ikatoka juu karibu na boneti, tazama kikalio cha juu cha shokapu.

Mambo hayo yaandikwe: mlio ni wa namna gani, unatokea wapi, kwa mwendo gani, gari likiwa tupu au na mzigo. Uzito una maana kubwa. Mwenye mzigo anahesabu magunia, lakini springi inahesabu kilo, na gunia la lumbesa lililokatazwa na Wakala wa Vipimo humpunja mkulima shambani kisha humpunja mwenye gari barabarani.

Hesabu

Tufanye hesabu ya mfano, na kila msomaji aweke bei za kwake. Shokapu mbili na ufundi, Sh 210,000. Boli jointi mbili na ufundi, Sh 100,000. Linki ya stabilaiza, ambayo ndiyo ilikuwa mbovu, pamoja na ufundi, Sh 50,000. Ongeza siku mbili za kusimama kwa hesabu ya Sh 100,000 kwa siku. Jumla ni Sh 560,000. Sasa tuchukue mwenye gari wa pili, anayelipa Sh 30,000 za kutafuta tu, kisha Sh 50,000 za linki, na kupoteza nusu siku yenye thamani ya Sh 50,000. Jumla yake ni Sh 130,000. Tofauti ni Sh 430,000, na yule wa kwanza ndiye anayelalamika kwamba ada ya Sh 30,000 ni wizi.

Wapo watakaosema kuwa shokapu mpya hazikupotea, kwani za zamani zingechakaa siku moja. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Fedha iliyofungwa chini ya gari kabla ya wakati wake ni mtaji uliokosekana msimu wa kununua mahindi. Isitoshe, kila kufungua huleta nafasi ya kufunga vibaya. Bushi za wishiboni, kwa mfano, zinapaswa kukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, mpira hukaa umejipinda na hukatika mapema.

Lakini hasara kubwa haimo katika hesabu hiyo. Linki ya stabilaiza iliyolegea ni kero tu kwa muda, ilhali boli jointi iliyokwisha inaweza kuchomoka na gurudumu likalala. Mtu aliyebahatisha mara tatu bila kupona huchoka na kusema, "Litalia tu." Anapofikia hapo hawezi tena kutofautisha kero na hatari, naye anashuka Kitonga na tani za vitunguu, utingo juu ya mzigo, na basi la abiria likiwa mbele yake.

Nini kifanyike

Mapendekezo yetu ni machache na hayasubiri serikali. Kwanza, mwenye gari akubaliane na fundi ada ya kutafuta, peke yake, kabla ya spana kuguswa. Ada hiyo ilipwe hata kama kitakachopatikana ni boliti ya kukaza, na isifutwe kwa sababu spea imenunuliwa. Ikifutwa, fundi atakuwa na sababu ile ile ya zamani ya kuuza spea. Pili, fundi apande gari na dereva wausikie mlio pamoja kabla na baada ya kazi. Tatu, kabla ya kununua chochote, ubovu uonekane kwa macho: mtaimbo uonyeshe ulegevu, au linki zote mbili zifunguliwe na gari liendeshwe taratibu mahali pa wazi ili ijulikane kama mlio umekwisha. Nne, spea ya zamani irudishwe mkononi mwa mwenyewe. Tano, dereva anayeripoti mlio mapema asikatwe hesabu ya siku hiyo.

Kwa wawekezaji wadogo, hapa pana biashara. Sehemu kama Ipogolo, Makambako na Uyole, ambako magari husimama kwa vyovyote vile, zinafaa kwa kituo kisichouza spea hata moja: shimo la ukaguzi, jeki mbili imara, vishikizo vya kusimamishia gari, bomba la grisi, spana ya kupimia ukazaji na vijana wawili waliosoma ufundi magari VETA. Bidhaa yake itakuwa karatasi moja yenye saini, inayosema nini kibovu, nini kizima, na nini kinaweza kusubiri hadi baada ya mavuno. Kwa kuwa kituo hakiuzi spea, neno lake litaaminiwa na mnunuzi wa gari la mtumba, na hata na maduka ya spea yenye nia njema.

Mtaji wake si mkubwa kama wa duka la spea, kwa sababu hakuna mali ya kukaa rafuni. Kigumu ni kuwazoesha wateja kulipia jibu. Wafanyabiashara wa ukanda huu tayari wanamlipa dalali kwa kujua tu mnunuzi yuko wapi. Anayejua ubovu uko wapi naye anastahili bei yake.