Aliyelazwa Mezani Hakuulizwa

Mwandishi wa toleo lililopita anatetea michoro ya kale ya upasuaji wa maiti: ilikuza sanaa na tiba, na kila zama zihukumiwe kwa maadili yake. Elimu ilipatikana, sikatai. Lakini maadili ya nani?

Mwaka 1632 Rembrandt alichora somo la anatomia la Daktari Tulp. Mabwana waliomzunguka walilipia sura zao. Aliyepasuliwa, Aris Kindt, alikuwa mwizi aliyenyongwa. Uingereza nayo, kwa sheria ya 1832, iliwapa madaktari maiti za maskini zisizodaiwa na ndugu.

Mamlaka hayo juu ya miili ya wanyonge yalitufikia na sisi. Mwaka 1898 Wajerumani walikata kichwa cha Chifu Mkwawa. Maadili ya zama hizo? Kurejeshwa kwa fuvu lake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Ubaya ulijulikana, na bado fuvu halikurudi hadi 1954. Wala si fuvu lake pekee: huko Berlin, watafiti walichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 vinasaba viliunganisha baadhi yake na jamaa walio hai Kilimanjaro.

Hapa Kang'ata, msiba ukitokea, majirani huacha majembe wakaenda kuzika. Wazee wetu wa zama za Mkwawa walizika vivyo hivyo. Maadili yao nayo ni ya zama zile; kwa nini hayahesabiwi? Michoro ibaki, lakini iandikwe waziwazi mwili ulipatikanaje. Mafuvu yarudishwe kwa wenyewe, yazikwe.

Msomaji, Kang'ata, Handeni